Mwongozaji amefuta matusi ya rangi kwenye Othello. Mbona sina raha?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leeds, Uingereza, na kazi yangu ni udereva wa basi. Jioni za Jumanne naigiza na kikundi cha mtaani. Hatulipwi, tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa na tiketi tunawauzia majirani na wafanyakazi wenzetu. Nimeshakuwa polisi, nimeshakuwa daktari, hata mzimu nimeshakuwa. Mwaka huu mwongozaji wetu katangaza kuwa tutafanya Othello ya Shakespeare, na kabla hajamaliza kusema nikaona macho yote yamenigeukia. Mweusi kwenye kikundi ni mimi peke yangu.

Kwa wasomaji wako wasiokijua kisa: Othello ni jenerali mweusi anayeitumikia Venisi. Anamwoa kwa siri Desdemona, binti wa seneta wa Kizungu. Iago, askari wake aliyenyimwa cheo, anamjaza maneno kwamba mkewe anatembea na luteni wake, Cassio. Kwa hila ya leso iliyookotwa anamfanya aamini. Othello anamuua mkewe kitandani, ukweli unajulikana, naye anajiua.

Sasa mwongozaji wetu, mama mmoja Mzungu na mtu mwema kweli, kapitia andiko na kufuta maneno yote ya rangi. Ile ya kondoo dume mweusi imekwenda, midomo minene imekwenda, masizi yamekwenda. Kaniambia hataki mtu yeyote aumie, hasa mimi. Tena akasema mchezo huu ni wa wivu, na wivu hauna rangi.

Nilimshukuru. Lakini tulipokaa mezani kusoma andiko zima, nikafika pale ninapoanza kuamini kuwa mke wangu ananisaliti, mwenzetu mmoja akacheka. Akauliza, "Jenerali mzima anadanganyika na leso?" Hakuna aliyemjibu. Wakaniangalia mimi. Nikaona aibu utadhani nimefanya mimi.

Nyumbani nako hakuna amani. Mke wangu anasema, "Yaani umzibe mwanamke wa Kizungu pumzi kwa mto, mbele ya watu unaowaendesha kila asubuhi?" Rafiki yangu wa Mombasa anasema hiyo ngoma walijitungia wenyewe, basi wajichezee wenyewe. Binti yetu, ambaye mchezo huu wanausoma shuleni, anasema nikikataa atapewa mtu mwingine na ataharibu.

Nifanye nini, Mwalimu? Na nimlaumu vipi mtu aliyefuta matusi kwa ajili yangu?

Dereva, Leeds

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuangaliwa wewe wakati swali limeulizwa kwa wote.

Nianze na jibu, maana mazoezi hayamngoji mtu: ucheze, lakini kwanza yale matusi yarudi. Mwongozaji wako kafanya jambo la huruma, na huruma hiyo imekuacha uchi jukwaani. Kamfutia Iago silaha, kisha maiti kaiacha pale pale, na watazamaji wataanza kumtafuta aliyeua kwa silaha gani. Watakukuta wewe umesimama.

Fungua mwanzo kabisa. Ni usiku Venisi. Iago na Roderigo wako chini ya dirisha la Brabantio, baba yake Desdemona, wanapiga kelele mzee aamke. Iago anamwambia kuwa saa hii hii kondoo dume mzee mweusi anampanda kondoo jike wake mweupe. Anaongeza kuwa bintiye amefunikwa na farasi wa Barbari, yaani wa Afrika Kaskazini, na kwamba wajukuu watamlilia kwa sauti za farasi. Roderigo, anayemtaka msichana yeye mwenyewe, anamwita jenerali "midomo minene". Sasa angalia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: katika onyesho lote hilo jina la Othello halitajwi hata mara moja. Ni "yeye", ni "yule Moor", ndivyo Waingereza wa enzi hizo walivyowaita watu wa Afrika Kaskazini na mara nyingi mtu mweusi yeyote. Jina lake tunalisikia mara ya kwanza katika onyesho la tatu, tena kinywani mwa Mtawala wa Venisi, ambaye kasikia Waturuki wanaelekea kisiwa cha Kupro na anamhitaji jenerali usiku ule ule.

Kwa hiyo mtazamaji kajazwa mnyama kichwani kabla hajamwona mtu. Kisha mtu anaingia. Watu wa Brabantio wamechomoa panga, naye anawaambia wazirudishe alani, umande utazitia kutu. Hapandishi sauti. Hajitetei. Watu wa mjini wamekuja na silaha kumkamata, na yeye anaonekana kujali zaidi usalama wa vyuma vyao. Hakuna mwigizaji mweusi duniani anayepewa mlango mzuri wa kuingilia kuliko huo, lakini mlango huo umejengwa kwa matusi yaliyotangulia. Ukiyaondoa, anaingia bwana mmoja mpole anayezungumzia umande.

Wasomaji wa rika langu wanaujua mchezo huu wa Shakespeare kupitia jirani yake. Mwalimu Nyerere alitufasiria Mabepari wa Venisi, kikatoka 1969, na humo yumo Mwana Mfalme wa Moroko anayekuja kuposa na neno lake la kwanza ni kuomba asichukiwe kwa rangi yake. Wachumba hupimwa kwa kuchagua sanduku; anachagua lisilo lake, anaondoka, na bibi harusi mtarajiwa anashusha pumzi na kutamani wote wa rangi ile wachague hivyo hivyo. Darasa hucheka hapo. Miaka michache baadaye Shakespeare akamwandika mposaji mweusi aliyekubaliwa, na hapo hakuna anayecheka.

Halafu mtazame Brabantio. Wewe unayeishi ugenini utamtambua kuliko profesa yeyote. Othello anawaeleza maseneta kuwa mzee huyu alimpenda na kumwalika nyumbani mara kwa mara, amsimulie maisha yake: vita, miji iliyozingirwa, alivyokamatwa na kuuzwa utumwani, alivyokombolewa. Desdemona alikuwa akizikimbiza kazi za nyumbani ili awahi kuja kusikiliza. Kama mgeni wa chakula cha jioni, Othello hakuwa na kasoro. Alipogeuka mkwe, ghafla akawa mchawi. Brabantio anaapa pale barabarani, hata kabla ya kufika barazani, kwamba hakuna msichana mwenye akili timamu anayeweza kukimbilia kifua cheusi kama masizi bila kulishwa dawa. Anasema hivyo kwa uchungu wa kweli, ndiyo maana inatisha. Si mtu mbaya. Ni mzee mkarimu ambaye ukarimu wake una mpaka, na mpaka wenyewe yeye mwenyewe alikuwa haujui mpaka ulipovukwa. Mwongozaji akimfutia masizi, anabaki baba aliyeudhika kwa sababu binti kaolewa bila kuaga. Baba wa namna hiyo yuko kila kijiji.

Mtawala naye anampoza Brabantio kwa sifa: kama wema una uzuri wake, basi mkweo ni mzuri kuliko alivyo mweusi. Mwambie mwenzako anayemcheza Mtawala aitamke sentensi hiyo kwa upendo wote. Naamini umeshawahi kusifiwa hivyo kazini.

Na kabla hajaondoka, Brabantio anamwachia Othello maneno: mwangalie vizuri, kamdanganya baba yake na wewe aweza kukudanganya. Iago yuko pale pale, anasikia. Maneno haya atayatoa baadaye kama akiba.

Sasa tuje sehemu ya tatu, onyesho la tatu, lile utakalolala nalo mpaka siku ya kufungua pazia. Hapo Iago hana ushahidi wowote. Leso bado anayo Desdemona. Alichonacho ni Cassio aliyeondoka kwa haraka, basi. Anaanza na akiba ya Brabantio: kumbuka alimdanganya baba yake alipoolewa na wewe. Othello anayumba kidogo, lakini anasema haamini ila kwamba mkewe ni mwaminifu. Kisha anateleza mwenyewe. Anaanza sentensi, hivi maumbile yakipotea njia yake… na Iago anamdaka hapo hapo asimalize. Ndiyo, anasema, hapo ndipo penyewe: yeye aliwakataa wachumba wa nchi yake, wa rangi yake, wa hadhi yake, wakati kila kiumbe kwa asili hutafuta wa namna yake, mtu wa hivyo hunuka uozo.

Isome tena polepole. Iago anamwambia mume kwamba kule kupendwa naye ndiko ushahidi wa uovu wa mkewe. Mwanamke mzima wa akili asingekupenda wewe, huyu kakupenda, basi huyu si mzima. Hakuna namna ya kutoka humo. Kadiri Desdemona anavyompenda ndivyo kesi inavyomwelemea. Na hoja hiyo haifanyi kazi kwa mume yeyote mwingine ndani ya mchezo huo. Jaribu kumwambia Cassio.

Iago anaondoka, Othello anabaki peke yake, anatafuta sababu ya kusalitiwa. Ya kwanza anayoitaja: huenda ni kwa kuwa mimi ni mweusi, na sina yale mazungumzo laini ya vijana wa kuzunguka majumba ya wakubwa. Umri anautaja baadaye, na anausogeza pembeni mara moja. Ni baada ya hapo ndipo Desdemona anapoingia, anamfunga leso kichwani kumpoza maumivu, leso inaanguka. Umeona mpangilio? Mtu ameshaanguka kabla ya leso. Na onyesho likiwa bado halijaisha atasema kuwa jina lililokuwa safi sasa limechafuka na kuwa jeusi kama uso wake. Huyu ndiye aliyemwambia Iago mwanzoni, bila majivuno, kwamba anatoka ukoo wa kifalme. Kwa muda wa onyesho moja katoka kujiona kwa macho yake na kuanza kujiona kwa macho ya wale waliokuwa wakipiga kelele chini ya dirisha. Hakuwepo kuyasikia matusi yale, lakini yamemfikia.

Ndiyo maana mwenzenu alicheka. Andiko mlilolisoma limebakisha leso peke yake, na leso haitoshi kweli. Mwenye akili lazima aulize jenerali anadanganyikaje. Tofauti ni kwamba Shakespeare alikuwa ameshajibu, na jibu limefutwa. Pengo halibaki wazi, mwanangu. Abiria wako atalijaza na alichokuja nacho kutoka nyumbani: aa, ndivyo walivyo, wana wivu, wana hasira za karibu. Mwaka 1693 mkosoaji mmoja Mwingereza, Thomas Rymer, aliuandikia mchezo huu dhihaka ndefu, akasema mafunzo yake ni kwamba mabinti wa watu wasitoroke na weusi bila idhini ya wazazi, na wake za watu watunze vitambaa vyao. Yeye alikuwa na maneno yote mbele yake na bado akaona leso na weusi tu. Wenu mtawapa yaliyopunguzwa.

Kuhusu wivu kutokuwa na rangi, mwongozaji wako kasema kweli kuliko anavyojua. Iago mwenyewe anamshuku Othello na Emilia mkewe, anayemtumikia Desdemona. Anakiri hajui kama ni kweli, lakini atalifanyia kazi kana kwamba ni kweli. Anamshuku na Cassio pia. Bianca, mpenzi wa Cassio, anamletea ugomvi kwa ajili ya leso hiyo hiyo. Roderigo kauza mashamba yake kwa kumtaka mke wa mtu. Wote hao ni Wazungu wa Venisi na Kupro, na Iago ni mwenye wivu wa ovyo kuliko wote, maana hata leso hakuhitaji. Mbona miaka yote hii hakuna aliyesema wivu wa Iago uko kwenye damu ya Kizungu? Mwulize swali hilo, kwa upole, halafu umwache anywe chai yake.

Akikuambia andiko la Shakespeare limepunguzwa tangu zamani, mwambie ni kweli, lilitufikia kwa namna mbili, la mwaka 1622 na la 1623. La 1622 lina upungufu wa mistari ipatayo 160. Haumo wimbo wa mti wa majonzi anaoimba Desdemona, hayumo Roderigo akimweleza Brabantio kwa kirefu kuhusu kukumbatiwa na Moor, haumo hata ule mstari wa uso mweusi niliokutajia. Lakini kondoo dume yumo. Na "kwa kuwa mimi ni mweusi" umo. Hata katika andiko fupi hawakuiona njia ya kwenda bila hiyo.

Sasa rafiki yako wa Mombasa. Msimpuuze. Mchezo huu uliandikwa karibu 1603 au 1604, na onyesho la kwanza tunaloliona kwenye kumbukumbu ni la tarehe 1 Novemba 1604, katika kasri la Whitehall mbele ya Mfalme James. Aliyekuwa Othello ni Richard Burbage, Mzungu aliyejipaka weusi. Kwa hiyo ndiyo, ni mtu mweusi aliyetungwa na Mzungu, achezwe na Mzungu, watazame Wazungu. Emilia akigundua bibi yake kauawa, anamwita Othello shetani mweusi zaidi kwa sababu ya kumuua malaika, na watazamaji wote wako upande wake. Weusi ni uchafu midomoni mwa karibu kila mtu, pamoja na Othello mwenyewe. Shakespeare anaonyesha sumu na mara nyingine anaionja. Na kujipaka hakukuishia zamani: Laurence Olivier, bingwa wao, alijipaka mwili mzima mwaka 1964 kwenye Ukumbi wa Taifa, na filamu yake ya 1965 ipo, utajionea.

Mwaka 1998 Hugh Quarshie, mwigizaji wa Uingereza mzaliwa wa Ghana, alitoa mhadhara uliowatikisa wengi. Alisema katika nafasi zote za michezo ya kale, huenda Othello ndiyo ambayo mwigizaji mweusi hapaswi kuicheza, kwa kuwa mwili wake halisi unaweza kuzifanya dhana zile zionekane za kweli. Ndilo neno la rafiki yako hilo, na ndilo alilohisi mkeo. Lina uzito.

Lakini "wajichezee wenyewe" ilishajaribiwa zaidi ya miaka 200, na kutoka humo tulipata nini? Ira Aldridge, Mmarekani mweusi mzaliwa wa New York, aliingia ukumbi wa Covent Garden mjini London Aprili 1833 kuchukua nafasi ya Edmund Kean, mwigizaji Mzungu aliyekuwa ameanguka jukwaani akimcheza Othello huyo huyo. Ulikuwa mwaka ule ule ambao Bunge lao lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yao. Gazeti moja la London likalalamika kwa jina la heshima na adabu kwamba mwigizaji wa kike, binti wa watu, anashikwashikwa jukwaani na mtu mweusi. Alicheza mara mbili, basi, yakafungwa. Yaani waandishi wale walikuwa wanamsemea Brabantio wakiwa macho, karne mbili baadaye, bila kujua kuwa maneno yao yalishaandikwa. Aldridge akaenda zake, akazunguka Ulaya kwa miaka mingi akishangiliwa, na alifia Łódź, Poland, mwaka 1867.

Paul Robeson, mwigizaji mweusi wa Marekani, alimcheza London mwaka 1930, na Marekani ikachukua hadi 1943 kumwona Broadway na Desdemona Mzungu, wakati majimbo mengi bado yalikuwa na sheria za kukataza ndoa ya namna hiyo. Maonyesho 296. John Kani, mwigizaji mweusi wa Afrika Kusini, alimcheza Johannesburg mwaka 1987, katika ukumbi wa Market, chini ya mwongozaji Janet Suzman. Sheria iliyokataza ndoa kati ya mweusi na mweupe ilikuwa imefutwa miaka miwili tu kabla. Kani alipombusu mkewe jukwaani, baadhi ya watazamaji waliinuka wakatoka. Hapo hakuna aliyeweza kusema mchezo ule ni wa wivu tu.

Na Quarshie? Mwaka 2015 alikubali kumcheza, Stratford, kwa Kampuni ya Kifalme ya Shakespeare. Kilichobadilika hakikuwa Othello. Iago alikuwa Lucian Msamati, mtoto wa wazazi wa Kitanzania, Mweusi wa kwanza kumcheza Iago katika kampuni hiyo. Ghafla kinyongo cha kupitwa cheo na Cassio kikasikika upya, na jukwaani hakukuwa tena na mweusi mmoja anayebeba weusi wa watu wote. Uzito wa rangi uligawanywa.

Hilo ndilo unaloweza kuliomba hata kwenye ukumbi wa kanisa. Usimwendee mwongozaji mbele ya wenzako, ataona unamshitaki. Mpate peke yake, mwambie: "Nakushukuru kwa kunihurumia, lakini matusi yale si yangu, ni ya Iago na Roderigo na Brabantio. Wape wenyewe wayabebe." Atakachohofia ni kwamba mwenzenu atakayetamka ya kondoo dume ataona aibu. Na aone. Mwaka mzima wa mazoezi hautamgharimu aibu kama uliyoipata wewe siku ile mezani.

Mwulize pia kampa nani Iago. Asimpe mtu wa kukunja uso. Iago anapendwa, kila mtu ndani ya mchezo anamwita mwaminifu, na anazungumza na watazamaji ana kwa ana kama rafiki. Watacheka naye mwanzoni. Wafanyakazi wenzako watacheka na utani wa kondoo dume, waache wacheke. Ni deni, watalilipa katika sehemu ya tatu watakapoona ulikwenda wapi.

Mkeo nakuomba usimbishie. Anachokiona ni cha kweli: utamuua mwanamke, na rangi haikusafishi. Iago alitega, mkono ni wa Othello. Desdemona alikwambia mbele ya baraza kwamba aliuona uso wako katika akili yako, kwa hiyo hata Venisi palikuwa na macho mengine ya kujitazamia, na ulikuwa nayo nyumbani kwako. Ukimcheza Othello kama mtu aliyeonewa na wote, utamuua Desdemona mara ya pili. Emilia ndiye anayekuambia ukweli, na hata yeye anautia tusi la rangi; pokea vyote viwili bila kujikunja. Kaa na mwigizaji wa Desdemona na mwongozaji mpange kile kitanda hatua kwa hatua, mkono wapi, mto wapi, lini anaweza kusema simama. Mkeo mwalike siku ya mazoezi hayo aone kazi inavyofanyika. Asipotaka kuja siku ya watu, asije, na usimnunie.

Binti yako mpe kazi: akusomee Iago jikoni mpaka ile sehemu ya tatu uimeze. Kwa kuwa anaisoma shuleni, atakusahihisha, uvumilie.

Na mwongozaji akikataa kata kata kuyarudisha maneno, usitoke kwenye kikundi kwa kishindo. Mwambie Othello wa andiko lile humwezi, kisha mwombe akupe Iago.

Mwalimu